Waliolala Kwenye Karatasi

Aliyefikwa na mambo haya bado yu hai. Ukimsalimia asubuhi ataitikia vizuri, na ukimuuliza habari za kazi atakuambia ni njema. Yaliyomo humu hayakutoka kinywani mwake. Yametoka kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, mwanamke asiyetia chumvi ya kutosha hata kwenye mchuzi, sembuse kwenye maneno.

Kiwanda chao kilikuwa kando ya mto, nyuma ya ukuta mrefu wenye nyaya. Kilitengeneza karatasi ya pasipoti. Si pasipoti zenyewe, maana hizo huchapwa kwingine. Ni karatasi tupu tu, ile ambayo ukiiinua kwenye mwanga unaona picha ndani yake ambayo hakuna kalamu iliyoichora. Picha hiyo huitwa alama ya maji, na kazi ya mtu huyu ilikuwa kuichonga. Kiwandani walimwita Mchongaji. Alichonga kwenye nta iliyowekwa juu ya taa, kisha mchongo ukagandamizwa kwenye wavu wa shaba, na wavu ukavalishwa ngoma. Ngoma huzunguka ndani ya tangi la rojo la pamba. Mahali wavu ulipoinuka, nyuzi za pamba hukaa nyembamba na mwanga hupita. Mahali ulipobonyea, nyuzi hujaa na kuleta kivuli. Basi. Hakuna wino wala miujiza.

Alama ya pasipoti mpya ilikuwa korongo aliyesimama kwa mguu mmoja. Mchongaji alimchonga nyumbani, pembeni ya kitanda, mkewe akiwa mgonjwa. Mkewe alimtazama yule ndege, akasema, "Huyu amesimama kama mkurugenzi wenu akisubiri kupigiwa makofi." Walicheka mpaka mgonjwa akakohoa. Haukupita muda akafariki. Mchongaji akazika, akapokea pole za watu, akarudi kazini, akaendelea kuwahi kama zamani.

Mkurugenzi huyo walimpachika jina la Kizibo, na hawakumwonea. Alikuwa mfupi, mnene juu, mwembamba chini, na kila jambo lililotakiwa kupita lilikwama kwake. Aliingia kwenye ukumbi wa mashine, mahali ambapo watu hulowa mpaka magotini, akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa, halafu akawakemea waliomrushia matone. Ofisini alitundika cheti chake cha uongozi mahali ambapo mgeni akikaa lazima akione, na chini ya cheti akatundika picha yake mwenyewe akikitazama cheti.

Pamba iliyoagizwa ilichelewa bandarini kwa sababu Kizibo aliikalia barua ya kuitoa, akisubiri abembelezwe kama bibi harusi. Hakuna aliyembembeleza. Alipozinduka, sherehe ya kuzindua pasipoti mpya ilikuwa imeshatangazwa na utepe wa kukata ulikuwa umeshanunuliwa. Ndipo alipomleta Marobota.

Marobota alikuwa mchuuzi wa nguo kuukuu, mtu wa kucheka kabla hajasema kitu na kucheka tena akishakisema. Alishusha robota juu ya robota la nguo nyeupe za pamba tupu, zote za kipimo kinachokaribiana.

"Mashuka ya hospitali," alisema, akacheka.

"Pamba ni pamba," Kizibo aliwatangazia wafanyakazi. "Zamani dunia nzima ilitengeneza karatasi kwa matambara. Au nasema uongo?"

Hakusema uongo, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Wanawake wa kuchambua wakaanza kuzichana. Mmoja aliuliza kwa nini mashuka ya hospitali hayana muhuri wa hospitali. Kizibo akamjibu kwamba ameajiriwa kuchana, si kusoma. Mwingine alikung'uta shuka moja, na udongo mwekundu ukamdondokea kwenye vidole vya miguu. Udongo ule ulikuwa bado na unyevu.

Nguo zikachemshwa kwa magadi makali, zikaoshwa, zikapelekwa kwenye kinu, lile pipa kubwa lenye visu linalosaga pamba mpaka iwe rojo. Karatasi ya kwanza ikatoka siku iliyofuata, asubuhi njema yenye jua. Mchongaji alikuwa kwenye chumba chake akinoa patasi. Simu ya ndani ikalia.

"Shemeji," ilisema sauti, "njoo huku. Usikimbie, watu watakuangalia. Ila njoo."

Shemeji yake alikuwa mkaguzi kwenye meza ya taa. Ni meza ya kioo yenye mwanga chini yake. Karatasi hulazwa pale moja moja, na yenye dosari hukataliwa. Iliyokataliwa haiendi kwa mtu yeyote, hurudi kinuni kusagwa upya. Karatasi ya kiwanda kile ilikuwa na njia mbili tu za kuondoka mezani: ndani ya gari lenye askari, au ndani ya kinu. Sare za wafanyakazi hazikuwa na mifuko, na getini walipapaswa hadi kwenye nywele.

Alimkuta ameilalia karatasi kwa mikono yote miwili, kama mwanafunzi anayeficha majibu.

"Kuna nini?"

"Ndege wako yuko wapi?"

"Kama hayupo, wavu una dosari."

"Sijakuuliza wavu." Akainua mkono mmoja, kisha wa pili. "Huyu umemchonga wewe?"

Mchongaji aliiona kazi kwanza. Ndivyo alivyo, jicho la fundi humtangulia. Aliona kivuli kinavyoshuka shavuni bila kukatika, jambo ambalo yeye amelitafuta ujana wake wote na hakulipata. Kisha akaona kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Kisha akaona kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kufungwa utosini, ili kinywa kisiachame. Macho yalikuwa yamefumbwa.

"Hicho kitambaa," shemeji alinong'ona, "nilikifunga mimi."

Wakafunua karatasi ya pili. Mkewe tena. Ya tatu ilikuwa na mzee asiye na meno, na wote wawili walimjua: mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, aliyezikwa juma lile lile la msiba wao. Iliyofuata ilikuwa na kichanga. Uso wake ulikuwa mdogo mno kwa nafasi ile, kwa hiyo kichwa chote kilionekana, na kiganja kimoja kando ya sikio.

Mchongaji akaenda kwenye mashine kuutazama wavu. Ngoma ilikuwa inazunguka taratibu. Korongo alipanda kutoka kwenye rojo, akazama, akapanda. Mguu, shingo, mdomo. Hakupungukiwa na unyoya. Kwenye wavu alikuwa ndege. Upande wa pili wa mashine, karatasi ilikuwa inatoka na watu waliolala.

*

Ofisini kwake, Kizibo aliiinua dirishani karatasi aliyopelekewa na Mchongaji, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida yake kutazama kitu kisicho picha yake.

"Nani huyu?"

"Mke wangu."

"Aa, pole." Akageuza karatasi. "Lakini ndugu yangu, unamchongaje mke wako kwenye mali ya serikali?"

"Sijamchonga. Zile nguo ni sanda, Mkurugenzi. Marobota amekuletea sanda za watu."

Kizibo hakushtuka. Asiyejua angeshtuka. Alirekebisha tai, akaenda kufunga mlango, akarudi na uso wa mtu anayetaka kufundisha.

"Tutulize akili. Kwa upande wa usalama, hii ni hatua mbele. Mghushi gani ataiga hii? Aanzie wapi?" Akatabasamu, akisubiri na mwenzake atabasamu. "Shida ni mkataba. Mkataba unasema korongo. Kwa hiyo kataeni zote, zirudi kinuni, zipigwe upya."

"Ni mke wangu."

"Ni rojo, bwana. Msiba nakupa pole, lakini hili ni rojo."

"Basi nipe nizizike."

"Karatasi ya usalama? Uifukie chini? Na akija mtu kuifukua?" Kizibo alitikisa kichwa kwa masikitiko. Hakusikia alichokisema. Watu wa namna yake hawajisikii, hujisikiliza tu.

Mchongaji aliichukua karatasi, akasimama nayo mkononi. Akiikataa, mkewe anarudi kwenye visu. Akiipitisha, atakaa kwenye mifuko ya watu asiowajua, akigongwa mihuri mpaka waraka uishe muda wake. Kumtoa nje hakuwezekani. Alichokitaka ni kidogo sana: mwanamke huyu aliugua vya kutosha, sasa alale. Akaiweka karatasi mezani, uso chini, akatoka.

Walikwenda makaburini mchana ule ule, yeye na shemeji. Safu mpya yote ilikuwa imesawazishwa kwa mgongo wa koleo, laini kama kitanda cha hoteli. Mlinzi wa makaburi alipowaona aliingia kibandani, akajifungia.

"Toka huko, kibaka wa maiti!" Shemeji aliupiga mlango kwa kiatu. "Toka uniambie dada yangu umemvua nini!"

Sauti ikatoka kwenye upenyo wa mbao. "Niliambiwa wao hawazihitaji, mama."

*

Waliporudi, kinu kilikuwa kimeshapiga kazi. Kizibo, ambaye barua ya pamba ilimchukua msimu mzima, safari hii alikuwa mwepesi kama paka jikoni. Karatasi mpya zilikuwa mezani.

Shemeji akalaza ya kwanza. Akawasha taa.

Mkewe alikuwa amefumbua macho.

Wakalaza ya pili. Mwalimu, macho wazi. Kichanga, macho wazi. Wote. Mchongaji akasogea upande wa kushoto wa meza. Macho yakaja kushoto. Akarudi kulia, polepole. Yakarudi naye.

"Zima," shemeji alinong'ona. "Zima taa, shemeji."

Fundi wa kinu akaingia bila kubisha. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye utani kila saa, na siku hiyo midomo yake ilikuwa mikavu.

"Kaka, mimi siwashi tena lile dude. Lina sauti."

"Siku zote lina sauti."

"Si hiyo. Linauliza." Alitazama nyuma, mlangoni. "Linauliza, 'Wapi hapa?' Hivyo tu. 'Wapi hapa?' Wako wengi."

Habari zikamfikia Kizibo, naye akashuka na suti yake ya maziwa, akiwa amewaleta wakuu wa idara wawili wa kumsikia. Akaamuru karatasi zote zirudishwe kinuni, akapanda ngazi ya kinu.

"Watu wazima na ndevu zenu," alisema. "Mnaogopa pamba. Niwaonyeshe?"

Akachovya kidole kwenye rojo, akakilamba. Akakichovya tena, akakilamba tena, mbele ya wote, kama mama anayeonja uji wa mwanawe.

"Pamba. Ina chumvi kidogo, lakini pamba."

Wakuu wa idara walicheka. Fundi wa kinu hakucheka. Kwenye rojo lile hakuna mtu aliyewahi kutia chumvi.

Kizibo akabonyeza swichi kwa mkono wake mwenyewe. Visu vikazunguka. Safari hii kinu hakikuuliza kitu.

Karatasi za mara ya tatu hazikuwa na macho. Shemeji alizitazama, akadhani wameondoka. Kisha akaona nywele. Akaona misuko aliyoisuka kwa vidole vyake siku ya kumwandaa dada yake, na fundo la kile kitambaa juu ya utosi.

"Wametupa kisogo," alisema.

Waliendelea kufunua. Vichwa vikawa vidogo. Karatasi kwa karatasi, mabega yakaonekana, kisha migongo, kisha watu kamili wanaotembea kwenda mbali, mmoja amembeba kichanga begani. Walikwenda bila haraka. Wakawa vidoa. Ikaja karatasi tupu. Baada yake, kwa mguu mmoja, korongo. Na korongo. Na korongo mpaka mwisho.

Kizibo alipiga makofi. "Mnaona? Dosari ya wavu!"

"Wamekwenda wapi?" shemeji alimuuliza Mchongaji kwa sauti ya chini.

Mchongaji alikuwa anamtazama mkurugenzi. Kizibo alikuwa ameanza kukohoa. Alijipangusa kwa leso, akaikunja upesi. Leso ilikuwa ya buluu, na kilichobaki juu yake kilikuwa cheupe, chenye nyuzi.

*

Sherehe ilifanyika asubuhi, kwenye ukumbi wenye madirisha marefu. Wageni walipata viti vyenye vitambaa. Wafanyakazi walisimama nyuma. Kizibo alisoma hotuba ya kumshukuru kila mtu aliyemzidi cheo na kujishukuru mwenyewe kwa uvumilivu. Aliposema "karatasi hii haina doa," jua lilitoka kwenye wingu na kumpiga mgongoni kupitia dirishani.

Wageni waliona suti. Wawili waliozoea kutazama kilichomo ndani ya vitu waliona zaidi.

Mwanga ulipita. Ulipita kwenye koti, shati, nyama. Ndani ya kifua chake walisimama watu. Walibanana. Bega kwa bega, kama waliojificha mvua chini ya paa moja. Nyuso zao zilitazama nje. Kichanga kilikuwa kooni. Kila Kizibo alipomeza mate, kilipanda na kushuka.

Shemeji alimshika Mchongaji kiwiko. "Umeona?"

"Nimeona."

"Yuko wapi?"

"Upande wa kushoto," alisema Mchongaji. "Amekunja shingo. Hana nafasi."

Wingu likarudi. Watu wakapiga makofi. Utepe ukakatwa.

Juma halikuisha, Kizibo akalala hospitali. Ngozi yake ilikauka na kuwa nyeupe, na akigeuka kitandani alisikika kama gazeti. Daktari alibandika picha ya kifua chake kwenye kisanduku cha taa. Akaizima taa. Akaiwasha tena. Akasema anakwenda kunywa maji, na hakurudi. Ndipo Kizibo alipoagiza aitwe Mchongaji, naye akaja na shemeji yake.

"Wewe ni bingwa wa alama," Kizibo alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini bado ilikuwa ya mtu anayetuma. "Zinatolewaje?"

"Hazitolewi. Ndiyo sababu serikali inazinunua."

"Usinifanyie mzaha, mimi naumia! Wanauliza mchana kutwa. 'Wapi hapa, wapi hapa.' Niwajibu nini?"

"Waambie ni hatua mbele kwa upande wa usalama," alisema shemeji.

"Mama, huyu mtu wako ana kisirani."

"Inuka," alisema Mchongaji. "Vaa. Umewatoa kwao, utawarudisha mwenyewe."

Kwa hiyo alasiri moja, jua likiwa bado kali, Kizibo alifika makaburini kwa gari la ofisi, akiwa amevaa suti. Shemeji alimwonyesha safu mpya na kumwambia la kufanya: alale kifudifudi juu ya kila kaburi, na kila wakimuuliza wapi hapa, awajibu ukweli.

Alianza kwa kutandika leso, udongo usimguse shavu. Akalala juu ya kaburi la mwalimu. Akanong'ona, "Hapa. Kwako." Mwili wake ukatetemeka, na jasho jeupe, zito, likamtoka shingoni, likadondoka. Udongo ukalinywa. Juu hapakubaki hata unyevu.

Akaenda la pili. "Hapa. Kwako." La tatu, lile fupi, alilalia nusu tu ya mwili wake. Koo lake likafunguka. Rangi ikaanza kumrudia. Kila kaburi lilipokunywa, naye alinenepa, akajinyoosha, akatembea kwa madaha zaidi, mpaka alipofika mwisho wa safu, karibu na ua, mbele ya kaburi la mke wa Mchongaji. Pale alisimama. Akavuta pumzi ndefu. Akaikunja leso, akajikung'uta magoti.

"Inatosha," alisema.

"Bado mmoja," alisema shemeji.

"Najua bado mmoja. Mmoja navumilia. Hata hapigi kelele, ametulia." Alitazama saa. "Nina kikao."

"Lala chini wewe!" Shemeji alimkamata koti. "Lala, mwizi mkubwa, dada yangu atoke!"

"Mama, unanichafua." Alijichomoa, akageuka, akaanza kwenda zake kuelekea getini, ambako dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

Jua lilikuwa mbele yake, limeanza kuteremka. Mwanga ukampita.

Mke wa Mchongaji alikuwamo ndani peke yake sasa, na nafasi tele. Alisimama wima mgongoni mwa Kizibo, akiwatazama wao wawili, akipelekwa. Kitambaa cha kidevu kilikuwa kimelegea. Midomo ilicheza. Hawakuhitaji kusikia.

Wapi hapa?

"Mwambie hapa," shemeji alinong'ona. "Shemeji, mwambie upesi. Mwonyeshe kaburi. Mwambie hapa, alale."

Mchongaji alifungua kinywa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kipimo. Hakuwahi kukata nta zaidi ya ilivyotakiwa. Alimtazama mkewe akizidi kuwa mdogo kila hatua ya yule mpumbavu, alitazama udongo uliosawazishwa kwa koleo, na mkono wake ukainuka kuonyesha kaburi, ukakomea njiani.

"Njoo, mke wangu," alisema. "Twende nyumbani."

Shemeji alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kizibo alikohoa mara moja getini. Alijipapasa kifua, akaonekana kufurahi, akaingia garini. Mwanga haukumpita tena. Alikuwa mzito kama mtu mwingine yeyote.

*

Mwenye kusubiri kusikia kwamba Kizibo alikufa kifo kibaya, ajipe pole. Watu wa aina hiyo hawana mahali pa kushikwa. Alipandishwa cheo, sasa anasimamia viwanda kadhaa, na husimulia kwenye mikutano jinsi alivyookoa pasipoti ya taifa kwa ubunifu. Mlinzi wa makaburi amepata mtu wa kumsaidia kazi. Marobota bado anauza nguo nyeupe. Siku hizi anazikung'uta kwanza.

Siku ile, kutoka makaburini, walirudi kwa miguu. Mchongaji alitangulia. Shemeji aliona anatembea ameinama kidogo, kwa hatua za kujihadhari, hata mahali ambapo barabara ilikuwa tambarare.

"Shemeji, shati lako limelowa."

"Ni jasho."

"Katikati tu ya mgongo?"

Shemeji akaongeza hatua, akamkaribia. Baina ya mabega palikuwa na unyevu wa duara, na ulikuwa unakauka, na ulipokauka uliacha utando mweupe, mwembamba kuliko karatasi yoyote aliyowahi kuilaza mezani. Ulikuwa shavu. Pembeni yake pua, iliyobonyezwa kidogo, kama ya mtu aliyejiegemeza. Juu ya nyusi kulikuwa na kovu dogo, na chini yake kope za jicho, moja moja, zimeshuka.

Shemeji alilichukua shati lile akalifua kwa mikono, kwa sabuni, akalianika juani. Likatakata. Kesho yake Mchongaji alivaa lingine, na kabla ya saa ya chai lilikuwa na alama ile ile.

Watu wa kiwandani wamezoea. Kwenye mikutano anakaa wima pembeni mwa kiti, kwenye basi husimama hata viti vikiwa vitupu, na tangu siku ile hakuna aliyemwona ameegemea kitu. Mgeni akimuuliza kwa sauti kubwa kama mgongo unamsumbua, hakasiriki. Anamtazama kwa utulivu, kisha anaweka kidole kwenye midomo, kumwomba apunguze sauti.